Sandwichi ya jodari

Sandwichi ya jodari ni chakula chepesi cha vipande viwili vya mkate vyenye nyama ya samaki aina ya jodari katikati. Nyama hiyo huchambuliwa na kuchanganywa na ndimu, kitunguu na mboga mbichi. Huliwa hasa wakati wa mchana, shuleni, kazini au safarini, kwa sababu huandaliwa kwa muda mfupi na hailazimu kuwa na sahani wala uma.

Katika nchi nyingi sandwichi hii hutengenezwa kwa samaki wa kopo. Kisiwani Pemba, Tanzania, inawezekana kutumia pia jodari mbichi, kwa kuwa samaki huyo huvuliwa katika bahari iliyo kati ya kisiwa na bara. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Jodari wa kopo ameshapikwa na kufungwa, lakini jodari mbichi aliyekaa muda mrefu kwenye joto anaweza kumdhuru mlaji hata akipikwa vizuri. Kwa sababu hiyo uzuri wa sandwichi hii kwa afya hutegemea namna samaki alivyotunzwa tangu baharini, kabla hata mpishi hajamgusa.

Jina

Neno "sandwichi" (pia "sendwichi") limetoholewa kutoka Kiingereza. Asili yake ni cheo cha John Montagu (1718–1792), Earl wa nne wa Sandwich nchini Uingereza, ambaye jina lake lilihusishwa na nyama iliyowekwa kati ya vipande vya mkate.

"Jodari" ni jina la Kiswahili la samaki wakubwa wa jenasi Thunnus katika familia Scombridae. Jina "sehewa" hutumika pwani kwa baadhi ya jamaa zake wadogo. Nguru na vibua wamo katika familia hiyohiyo, na jambo hilo ni muhimu kwa usalama wa chakula kama inavyoelezwa hapa chini.

Kwenye makopo yanayouzwa madukani huandikwa "tuna". Hilo ni jina la kigeni la jodari na jamaa zake, wala halina uhusiano na neno la Kiswahili "tuna" lenye maana ya kuwa na kitu.

Historia

Kula samaki pamoja na mkate ni desturi ya zamani katika visiwa vya Zanzibar. Mkate wa mofa, unaotengenezwa kwa unga wa mtama na kuokwa katika tanuri ya udongo, huliwa pamoja na samaki wa kuchoma au wa kukaanga. Mkate wa ufuta huliwa vilevile na kitoweo. Katika desturi hiyo mlaji humega mkate kwa mkono na kuula na samaki aliye pembeni. Sandwichi hutofautiana kwa kuwa samaki hufungiwa ndani ya mkate, hivyo chakula kinaweza kubebwa.

Sandwichi ya jodari kama inavyojulikana duniani ilienea baada ya jodari kuanza kufungwa katika makopo. Nchini Marekani biashara hiyo ilianza huko California mwanzoni mwa karne ya 20, wakati viwanda vya dagaa wa kopo vilipopungukiwa na samaki wao wa kawaida na kujaribu jodari. Nyama nyeupe isiyo na harufu kali ilipendwa, na kopo lingeweza kukaa rafuni kwa miaka bila barafu.

Leo Thailand inaongoza kwa kuuza jodari wa kopo katika nchi nyingine. Katika Bahari ya Hindi, kiwanda kilichopo Victoria, Shelisheli, ni miongoni mwa vikubwa zaidi duniani. Mji huo pia ni makao ya Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Tanzania ni mwanachama wake. Hivyo kopo linalonunuliwa katika duka la Chake Chake au Wete linaweza kuwa limetoka ng'ambo, ingawa samaki wa jamii hiyohiyo wanaogelea karibu na kisiwa.

Jodari wa Pemba

Unguja na Mafia ziko juu ya kina kifupi kinachoungana na bara, lakini Pemba imetengwa na bara kwa mkondo wa bahari wenye kina kinachofikia mita 800 hivi. Maji ya kina yaliyo karibu na pwani huwaleta samaki wa bahari kuu, wakiwemo jodari, nguru, nduwaro na sulisuli, mahali ambapo wavuvi wa vyombo vidogo wanaweza kuwafikia. Sehemu ya magharibi ya kisiwa iko ndani ya Eneo la Hifadhi la Mkondo wa Bahari wa Pemba, lililoanzishwa mwaka 2005, na ndani yake kuna kisiwa cha Misali.

Jodari huvuliwa kwa mshipi, kwa kurambaza (kuvuta chambo nyuma ya chombo kinachokwenda) na kwa nyavu za jarife zenye matundu makubwa. Samaki hushushwa dikoni na mara nyingi huuzwa kwa mnada. Aliye mkubwa hukatwa vipande na kuuzwa kwa uzito, kwa hiyo mnunuzi wa kawaida hupata kipande tu wala haoni kichwa, macho au matamvua ya samaki mzima.

Vyombo vidogo vya jadi mara nyingi havina sehemu ya kuhifadhia barafu. Umeme wa uhakika nao ulichelewa kufika kisiwani. Hadi mwaka 2010, ulipozinduliwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli. Kuunganishwa huko kulirahisisha matumizi ya majokofu majumbani na madukani, lakini saa za mwanzo baada ya samaki kutolewa majini bado ziko mikononi mwa mvuvi na mchuuzi.

Viambato

Kwa sandwichi mbili zinahitajika:

- vipande 4 vya mkate wa boflo, ikiwezekana wa unga usiokobolewa
- gramu 200 za jodari mbichi, au kopo moja la jodari lililochujwa maji au mafuta
- nusu ya parachichi lililoiva, au vijiko 2 vya mtindi mzito
- nyanya 1 na nusu ya tango
- kitunguu maji kidogo 1
- ndimu 1
- kotmiri, pilipili manga na chumvi kidogo
- pilipili mbichi kwa anayependa

Mapishi mengi ya kigeni hutumia mayonezi ili kuifanya nyama isiwe kavu. Parachichi lililopondwa au mtindi hufanya kazi hiyohiyo kwa mafuta machache zaidi au kwa mafuta yaliyo bora zaidi. Mayonezi ya kutengeneza nyumbani ina mayai mabichi, kwa hiyo haifai kwa chakula kitakachobebwa kwenye joto.

Badala ya boflo hutumika mkate wa ufuta uliopasuliwa katikati au chapati iliyokunjwa. Mkate wa ufuta hauloi haraka, hivyo unafaa zaidi kwa chakula cha safarini.

Matayarisho

Kwa jodari mbichi

1. Samaki huoshwa kwa maji safi ya baridi. Sehemu ya nyama nyekundu iliyokoza iliyo karibu na mgongo inaweza kuondolewa na anayechukia ladha yake kali.
2. Kipande huwekwa kwenye maji yanayochemka taratibu yenye chumvi kidogo na maji ya nusu ndimu. Kipande chenye unene wa sentimita 2 huiva kwa dakika 8 hadi 10. Huwa kimeiva pale nyama inapopoteza wekundu hadi katikati na kuchambuka kwa uma.
3. Samaki huopolewa, huachwa apoe kidogo, kisha huchambuliwa na kuondolewa ngozi na miiba.
4. Kitunguu hukatwakatwa na kulowekwa katika maji ya ndimu iliyobaki kwa dakika chache ili kupunguza ukali wake.
5. Samaki, kitunguu, parachichi lililopondwa, kotmiri na pilipili manga huchanganywa. Chumvi huongezwa mwishoni baada ya kuonja.
6. Nyanya na tango hukatwa vipande vyembamba na kupanguswa maji. Hupangwa juu ya mkate, kisha mchanganyiko hutiwa katikati na kufunikwa kwa kipande cha pili.

Kazi yote huchukua dakika 20 hivi. Samaki wa kuchoma aliyebaki usiku anafaa vilevile, mradi alitiwa kwenye jokofu mapema baada ya kuliwa.

Kwa jodari wa kopo

Kopo hufunguliwa na kuchujwa. Jodari aliyehifadhiwa katika maji ya chumvi anaweza kusuuzwa kwa maji ya kunywa ili kupunguza chumvi. Hatua zinazofuata ni zilezile kuanzia ya 4, na chakula huwa tayari kwa dakika 10. Kopo lililovimba, linalovuja au lenye kutu iliyotoboa halipaswi kutumika hata kama samaki wa ndani hana harufu mbaya.

Thamani ya lishe

Gramu 100 za jodari mbichi wa mapezi ya njano zina kilokalori 110 hivi, protini gramu 24 na mafuta chini ya gramu 1. Samaki huyu pia ana vitamini B12, niasini, seleniamu na kiasi cha mafuta ya omega-3. Kwa kuwa mafuta yake ni machache, mtu anayetafuta omega-3 kwa wingi hupata zaidi kwa samaki wadogo wenye mafuta kama vibua na dagaa wa baharini.

Sandwichi moja ya vipande viwili vya boflo, gramu 80 za jodari, parachichi na mboga huwa na kilokalori 300 hivi na protini zaidi ya gramu 20. Vijiko viwili vikubwa vya mayonezi badala ya parachichi huongeza kilokalori karibu 190, na karibu zote hutokana na mafuta. Kwa maneno mengine, kinachoifanya sandwichi hii kuwa nzito ni kile kinachochanganywa na samaki.

Chumvi nayo huhitaji kuangaliwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Mkate wa dukani, samaki wa kopo na chumvi ya kuongeza vikijumlishwa vinaweza kuchukua sehemu kubwa ya kiasi hicho katika mlo mmoja.

Usalama

Histamini

Hatari kuu ya jodari mbichi ni histamini. Nyama ya jodari, sehewa, nguru na vibua ina asidi-amino nyingi iitwayo histidini. Samaki akikaa kwenye joto baada ya kufa, bakteria huigeuza histidini kuwa histamini. Jodari ana hatari zaidi kwa kuwa mwili wake huwa na joto kuliko maji anamoogelea, na samaki mkubwa huchelewa kupoa katikati.

Jambo linalowapotosha watu ni kwamba histamini haiharibiwi kwa joto. Kuchemsha, kukaanga, kuchoma, kugandisha na hata kufunga kwenye kopo huua au huzuia bakteria, lakini histamini iliyokwisha kutengenezwa hubaki. Ndimu, pilipili na viungo havibadilishi chochote isipokuwa ladha. Aidha, samaki anaweza kuwa na histamini nyingi kabla hajatoa harufu ya kuoza, kwa hiyo kumnusa peke yake hakutoshi.

Dalili huanza dakika chache hadi saa chache baada ya kula: uso kuwa mwekundu na wa moto, mwasho na vipele, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, kichefuchefu na kuharisha. Wakati mwingine samaki mwenyewe huwasha ulimi kama pilipili, na mlaji akihisi hivyo anapaswa kuacha kula. Kwa kawaida dalili huisha ndani ya siku moja, na dawa za mzio husaidia. Mgonjwa anayepumua kwa shida, anayezimia au mwenye ugonjwa wa moyo au pumu anahitaji kupelekwa hospitalini mara moja.

Kwa kuwa dalili hufanana na za mzio, wengi huamini kwamba "damu yao haipatani" na jodari na kumwacha maisha yote, ilhali tatizo lilikuwa samaki mmoja aliyetunzwa vibaya. Dalili moja ya kutambua tofauti ni kwamba histamini huwapata watu kadhaa waliokula samaki yuleyule, wakati mzio humpata mwenye mzio tu.

Kinga

Njia pekee ya kuzuia histamini ni baridi, tena mapema. Samaki hutolewa damu na matumbo akiwa bado chomboni, huzungushiwa barafu na hukaa chini ya nyuzi 4 za selsiasi hadi atakapopikwa. Mnunuzi anayefika dikoni anaweza kufanya yafuatayo:

- kuuliza samaki alivuliwa lini na kama aliwekwa kwenye barafu
- kuchagua kipande kigumu, chenye rangi nyekundu inayong'aa, kisicho na maji maji wala rangi ya kahawia
- kununua mwisho, baada ya kumaliza shughuli nyingine za mjini, na kwenda na chombo chenye barafu
- kupika siku hiyohiyo au kumweka samaki kwenye jokofu mara tu anapofika nyumbani

Asiyeweza kupata samaki aliyewekwa kwenye barafu yuko salama zaidi akitumia jodari wa kopo. Kopo likishafunguliwa, hata hivyo, kilichobaki huhamishiwa kwenye chombo cha kioo au plastiki chenye kifuniko, huwekwa kwenye jokofu na kuliwa ndani ya siku 3 au 4.

Chakula cha kubeba

Sandwichi iliyokwisha kutengenezwa haipaswi kukaa nje ya baridi zaidi ya saa 2, au saa 1 ikiwa joto linazidi nyuzi 32. Mtoto anayetoka nyumbani saa 1 asubuhi na kula saa 6 mchana amebeba chakula hicho kwa saa 5. Kwa hali hiyo sandwichi hufungwa pamoja na chupa ya maji yaliyogandishwa, ambayo huwa pia kinywaji inapoyeyuka. Njia nyingine ni kubeba mkate na mboga peke yake pamoja na kopo dogo linalofunguliwa kwa mkono, kisha kuchanganya wakati wa kula. Bila baridi wala kopo, ni afadhali mtoto abebe chakula kingine.

Zebaki

Jodari ni samaki mwindaji, na zebaki iliyomo baharini hujikusanya mwilini mwake kadiri anavyokua. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani huwashauri wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasile jodari wa mapezi ya njano zaidi ya mara moja kwa wiki, na wamwepuke jodari wa macho makubwa. Jodari wadogo wanaotumika katika makopo mengi ya bei nafuu wana zebaki kidogo zaidi, na wanaweza kuliwa mara 2 au 3 kwa wiki.

Sumu nyingine za baharini

Histamini si sumu pekee isiyoondoka kwa kupika. Mwezi Machi 2024, katika Kisiwa Panza kilichopo kusini mwa Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki na wengine 78 walilazwa baada ya kula nyama ya kasa. Sumu ya kasa haihusiani na utunzaji wa nyama: inaweza kuwemo katika kasa aliyechinjwa dakika hiyohiyo, na haina dawa maalumu. Jodari ni tofauti, kwa kuwa aliye mbichi hana sumu hiyo, na madhara ya histamini yanaweza kuzuiwa kwa baridi.

Dini na desturi

Wakazi wengi wa Pemba ni Waislamu. Samaki hahitaji kuchinjwa kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, hivyo jodari wa kopo kutoka nchi yoyote hukubalika kwa urahisi kuliko nyama ya kopo, ingawa baadhi ya wanunuzi huangalia viambato vilivyoongezwa. Mlo mkuu wa mchana kisiwani umebaki kuwa wali, muhogo au ndizi pamoja na mchuzi wa samaki, na sandwichi huchukua nafasi yake pale ambapo mtu yuko mbali na nyumbani au hana muda wa kupika.

Tazama pia

- Jodari
- Nguru
- Mkate wa mofa
- Pemba (kisiwa)
- Usalama wa chakula